Kabati Lisilo na Kufuli

Katika madarasa mengi ya watoto wadogo ya Afrika Mashariki, tangu yale ya skuli za serikali hadi yale yaliyojengwa ubavuni mwa misikiti na makanisa kwa michango ya wazazi, vitabu vya hadithi havikosekani kabisa kama idhaniwavyo. Aghalabu vimo, ila vimo ndani ya kabati la ofisini, vimepangwa migongo nje, vimetiwa kufuli, na ufunguo umo katika mkoba wa mtu ambaye siku hiyo amekwenda mkutanoni. Hufunguliwa anapokuja mkaguzi, au mgeni aliyevitoa hiba, vikapanguswa vumbi, vikatandazwa mezani kwa saa moja, kisha vikarudi kifungoni vikiwa vizima. Anayevilinda hivyo si mtu mbaya. Ameaminiwa mali adimu, naye anajua fika kwamba mtoto wa miaka minne ana vidole vyenye uji, ana meno, na ana hamu ya kujua karatasi hupasukaje. Lakini kitabu cha mtoto ambacho mtoto hakishiki kina faida gani, na je, ulinzi wa namna hiyo haukuleta hasara kubwa kuliko ile iliyoogopwa?

Swali hilo si la jana wala juzi. Tarehe 6 Januari 1907 Maria Montessori, daktari wa Kiitalia, alifungua katika mtaa wa San Lorenzo mjini Roma, mtaa wa mafukara, nyumba ya kulelea watoto ambao wazazi wao walishinda kazini. Vifaa vya kujifunzia viliwekwa katika kabati refu, na kazi ya kuvitoa na kuvirudisha ilikuwa ya mwalimu peke yake. Montessori mwenyewe amesimulia ya kuwa siku moja mwalimu yule alisahau kulifunga kabati, na asubuhi yake akachelewa kufika, akawakuta watoto wamekwisha kulifungua, kila mmoja amejitwalia alichokipenda na anakishughulikia. Mwalimu akaona wizi, akataka kuwarudi. Montessori akaona jambo jingine, kwamba watoto wale walikuwa wamekwisha kuvijua vitu hivyo kiasi cha kuweza kujichagulia. Kabati refu likaondolewa, yakawekwa makabati mafupi yaliyo wazi. Mengi yaliyosemwa baadaye juu ya mpango wa darasa la watoto wadogo, pembe ya vitabu ikiwa miongoni mwake, yaweza kupimwa kwa kipimo hicho kimoja: je, mtoto aweza kukitwaa kitu kwa mkono wake pasipo kuomba ruhusa ya mtu mzima?

Mwaka 1982 wataalamu wawili wa Marekani, Lesley Mandel Morrow na Carol Weinstein, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika madarasa ambamo watoto walipopewa wakati wa kucheza watakavyo, ni wachache mno walioviendea vitabu. Pembe za vitabu zilipotengenezwa upya kwa mahali pa kukalia palipo laini na rafu zilizoelekeza majalada kwa watoto, na walimu walipozidisha kusoma na kusimulia, idadi ya watoto waliovichagua vitabu kwa hiari yao ikaongezeka. Sababu moja si ngumu kufahamu. Mtu mzima hukitambua kitabu kwa maandishi ya mgongoni mwake. Mtoto asiyejua kusoma akitazama safu ya vitabu iliyopangwa vile huona mistari myembamba isiyomwambia neno. Mgeuzie jalada, aone sungura aliyesimama kwa miguu miwili na fisi aliyenyemelea nyuma yake, naye atakuwa amekwisha kusoma nusu ya habari kabla hajaketi.

Basi tutazame mahali penyewe. Darasa la kawaida la awali ni chumba kimoja chenye mlango mmoja, madirisha mawili matatu, sakafu ya saruji na paa la bati. Kipimo cha Serikali ya Tanzania ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini nani asiyeyajua madarasa yenye watoto maradufu ya hao na kuzidi? Katika msongamano kama huo mwalimu hudhani kuwa pembe ya vitabu ni anasa ya wenye nafasi. Sivyo, maana pembe haitaki zaidi ya mkeka mmoja, wa kukaliwa na watoto watano au sita pasipo kukanyagana, na ni heri wasizidi hapo, kwani watoto kumi na watano juu ya mkeka mmoja si wasomaji tena, ni harusi. Wako walimu ambao hupigilia misumari mitano ukutani, wakaning'iniza juu yake shada tano za ushanga au za mbegu. Mtoto aingiaye huvaa shada, atokaye huirudisha, na akutaye misumari mitupu hujua kwamba pembe imejaa, akaenda kucheza kwingine hadi zamu yake ifike. Mwalimu hakupaza sauti, wala hapana aliyefukuzwa, na mtoto amejifunza kuhesabu hadi tano kwa haja yake mwenyewe.

Mkeka utandikwe karibu na dirisha, ila si mahali panapopigwa na jua la adhuhuri, ambalo hufifisha rangi za majalada na kuwaunguza watoto migongo. Uwe mbali na mlango, mbali na ndoo za maji na rangi, na mbali zaidi na upande wa matofali ya mbao, ambako minara hujengwa ili iangushwe. Kizuizi cha kuitenga pembe kiwe kifupi, mgongo wa rafu au kanga iliyotundikwa kwenye kamba, hata mtoto aketipo ajione amestirika ilhali mwalimu aliyesimama upande wa pili anaviona vichwa vyote. Viatu vivuliwe ukingoni. Hilo huku pwani halihitaji kufundishwa. Mito miwili mitatu iliyoshonwa kwa vipande vya kanga kuukuu na kujazwa sufi yatosha kwa starehe, mradi foronya zivulike zikafuliwe. Nimeona kwingine pembe zilizopambwa kupita kiasi, zenye mapazia ya hariri na maua ya plastiki na picha za kununuliwa zilizofunika kila inchi ya ukuta, hata mtoto asijue atazame wapi. Urembo wa namna hiyo hupendeza katika picha za sherehe ya mwisho wa mwaka, wala si kitu ambacho mtoto amepata kukiuliza.

Mtoto wa miaka minne ana urefu wa takriban mita moja, na mkono wake hufanya kazi kwa raha baina ya magoti na mabega. Rafu ya juu, kwa hiyo, isipite sentimita 70 kutoka chini. Pasipo seremala, au pasipo fedha za kumlipa, kamba ya katani iliyofungwa kutoka ukuta hadi ukuta kwa kimo hicho, na vitabu vikining'inia juu yake kwa vibanio vya nguo, hufanya kazi ile ile. Kadhalika mifuko ya kitambaa iliyoshonwa juu ya gunia la kutundika, na katoni za sabuni zilizokatwa upande mmoja. Katika nyumba za kale za mawe za Lamu kuta zina zidaka, na darasa lililobahatika kuwa ndani ya jengo kama hilo, ikiwa zidaka za chini zingalipo, limekwisha kupata rafu kutoka kwa mafundi waliokufa zamani.

Pwani kuna chombo kingine ambacho waandishi wa vitabu vya malezi vya ng'ambo hawakukijua: marufaa, kile kibao cha kukunjua ambacho msahafu huwekwa juu yake usomwapo. Umbo lake ni lile lile linalotafutwa na wataalamu, kwa maana hukiinua kitabu, hukilaza mshazari, na humwonyesha mtazamaji uso wake. Seremala aweza kuombwa atengeneze vijimarufaa vidogo kwa ajili ya vitabu vya hadithi, visichanganywe na vile vya chuoni kwa sababu ya taadhima inayovistahiki hivyo. Na taadhima hiyo yafaa izungumzwe kidogo. Mtoto aliyelelewa katika nyumba za huku huja darasani akijua tayari ya kuwa kitabu hakitupwi chini, hakirukwi, hakishikwi kwa mikono michafu. Adabu hiyo mwalimu wa nchi nyingine huihangaikia mwaka mzima. Lakini adabu ikizidi yaweza kugeuka kuwa woga, akawa mtoto anayeheshimu juzuu yake hathubutu kufungua hata kitabu cha kuku na vifaranga bila ya kuamrishwa. Mwalimu mwerevu humtengea mambo mawili hayo bila ya hotuba: msahafu na juzuu mahali pa juu, katika kitambaa chake, na hadithi za sungura chini mkekani, ambako kucheka kunaruhusiwa.

Mfano wa kuchanganya mambo hayo mawili kwa busara ulitolewa na mpango wa elimu ya awali katika madrasa ulioanzia Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation, ambao Bi Swafiya Said alikuwa mstari wa mbele katika kuuasisi, na ambao mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukafika Zanzibar na Uganda. Walimu wake walikuwa wanawake wa mitaa na vijiji vile vile walimofundisha, wakapewa mafunzo. Darasa likagawanywa katika pembe mbalimbali za michezo, ya vitabu ikiwa moja yao, na vifaa vikatengenezwa kwa vitu vilivyopatikana jirani, vifuu, kokoto, vizibo, mbegu na vipande vya mbao. Waliodhani kwamba darasa la kuvutia lazima liagizwe kutoka ng'ambo pamoja na viti vyake walipata jawabu hapo.

Sasa vitabu vyenyewe, na hapa naomba nikae kidogo. Morrow alishauri vitabu vitano hadi vinane kwa kila mtoto. Darasa la watoto 40, basi, lingehitaji vitabu 200 kwa uchache, na mwalimu wa kijijini akisikia hesabu hiyo atacheka, au atakata tamaa. Hana haja ya kufanya lolote kati ya hayo mawili. Vitabu ishirini vilivyochaguliwa vema, kumi na viwili vikiwa nje na vilivyosalia vikipumzika kusubiri kubadilishwa baada ya wiki mbili, hutosha kuanzia. Na kile kilichofichwa kwa muda kikirudi hupokewa na watoto kwa shangwe ya msafiri aliyerejea. Afadhali hivyo kuliko mamia ya vitabu vya sadaka vinavyoshushwa bandarini katika masanduku, vingine vikiwa vimeachwa na maktaba za huko kwa uchakavu, vimeandikwa kwa lugha ambayo si mtoto wala mama yake aisemayo, na vimejaa theluji na sufuria za kuchemshia matofaa. Sikatai mtoto wa Tanga aione theluji. Nakataa aione theluji mara arobaini kabla ya kuona ngalawa mara moja.

Vitabu vya watoto kwa Kiswahili vilipita kipindi kigumu cha uhaba, na mwaka 1991 ulianzishwa mjini Dar es Salaam Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Hila yake ilikuwa nyepesi na ya maana: mchapishaji anayeogopa kwamba kitabu cha watoto hakitauzika aliahidiwa kwamba sehemu kubwa ya nakala itanunuliwa na kupelekwa mashuleni, naye kwa kuondokewa na hofu hiyo akachapisha. Siku hizi pia kuna hadithi za African Storybook, mradi ulioasisiwa Afrika Kusini, ambazo nyingi zimo kwa Kiswahili na mtu yeyote ana idhini ya kuzichapa bila malipo. Mwalimu mwenye jamaa mwenye printa hana udhuru mkubwa.

Miongoni mwa vilivyo nje kiwepo kitabu kisicho na maneno, kiwepo cha kuhesabu, kiwepo cha wanyama wa kweli na si wa hadithi pekee, na kiwepo kitabu kikubwa, cha ukubwa wa meza ndogo, ambacho kundi zima laweza kukiona mwalimu anaposoma, namna ya kusoma iliyoenezwa na Don Holdaway wa New Zealand katika miaka ya 1970. Lakini kinachogombewa kuliko vyote, waulize walimu wowote, ni kile kilichotengenezwa humo humo darasani. Mtoto asimulie, mwalimu aandike maneno yake kama alivyoyasema, mtoto achore. Kurasa sita za karatasi ya manila zishonwe ubavuni kwa uzi wa gunia, na jina la mwandishi liandikwe juu ya jalada kwa herufi kubwa. Kitabu kingine chaweza kuwa cha makaratasi ya pakiti za chai, chumvi, sabuni na viberiti, yaliyobandikwa moja kwa kila ukurasa. Mtoto ambaye hajajua irabu moja atakisoma toka mwanzo hadi mwisho bila kukosea, kwa sababu ametumwa dukani.

Wapo wazazi ambao wakichungulia dirishani na kumwona mtoto ameshika kitabu juu chini, anakisimulia kwa maneno yasiyomo, husema, "Mwalimu, huyu hasomi, anacheza tu." Wasilaumiwe, kwani kusoma walikofundishwa wao kulianza na *a, e, i, o, u* ubaoni na fimbo mkononi. Elizabeth Sulzby, mtafiti wa Marekani, alieleza mwaka 1985 jinsi watoto wanavyopanda ngazi katika usomaji huo wa kujifanya: kwanza hutaja picha moja moja, kisha huziunga ziwe kisa, kisha sauti yao hubadilika, wakaacha kuzungumza kama wazungumzavyo kibarazani, wakaanza kusema kama kitabu kisemavyo, na mwishowe macho yao huhama kutoka kwenye picha kwenda kwenye maandishi. Ngazi hiyo haipandwi kwa kitabu kilichoonekana mara moja. Inataka kitabu kile kile kirudiwe hadi mtoto akihifadhi, nacho hakirudiwi kama hakifikiki.

Pembe nzuri kuliko zote, hata hivyo, haijisomi. Kitabu ambacho mwalimu amekwisha kukisoma mbele ya watoto, kwa sauti ya fisi na sauti ya sungura, baada ya "Paukwa" na "Pakawa" zake, ndicho kitakachokimbiliwa wakati wa kucheza. Kile kilichowekwa kimya kimya rafuni, hata kikiwa na picha nzuri namna gani, hungoja. Kwa hiyo mpango wa busara ni kwamba kila kitabu kipya kisomwe kwanza, kisha kitangazwe kuwa sasa kinakaa pembeni. Na mwalimu naye aketi mkekani mara moja moja, asome chake. Aidha, pembe isitumiwe kuwa mahali pa kumtia mtukutu adabu, wala isiwe tuzo ya aliyemaliza kazi mapema. Hili la pili hufanywa kwa nia njema na madhara yake hayaonekani upesi: watoto watatu wepesi hufika mkekani kila siku, na mzito, ambaye ndiye hasa aliyehitaji muda na vitabu, hamalizi kazi yake hata mwaka ukaisha.

Nirudi kwenye kufuli. Maadui wa kitabu katika nchi zetu wajulikana: mchwa, panya, mende ambaye hupenda gundi ya jalada, na unyevu wa masika uletao kuvu. Ajabu ni kwamba wote hao hustawi zaidi ndani ya kabati lililofungwa na kusahauliwa kuliko kwenye kamba iliyo wazi, ambapo vitabu hupigwa upepo na kuguswa kila siku. Kwa michaniko ya karatasi kuna kikapu: kitabu kilichochanika kitiwe humo, na siku moja katika wiki mwalimu na watoto wawili waketi na gundi na uzi wakiganga. Mtoto aliyewahi kushona kitabu hukifungua kwa namna nyingine kabisa na yule aliyetishwa tu.

Lakini si haki kumwachia mwalimu mzigo wote. Kufuli nyingi hazikufungwa na walimu wabaya bali na daftari la mali, ambamo kila kitabu kimeandikwa kwa namba sawasawa na kiti na meza, na anayepoteza au kuharibu huulizwa, pengine akakatwa. Mwalimu anayeulizwa kwa kila ukurasa uliopasuka atafunga kabati. Ningekuwa mimi ningefunga vilevile. Kitabu cha mtoto wa awali hakistahili kuorodheshwa na viti. Mahali pake ni pamoja na chaki, daftari na rangi, vitu ambavyo hununuliwa vitumike viishe, na kamati ya skuli ikiandika hivyo katika bajeti yake, kuwa kila mwaka robo ya vitabu itachakaa na kununuliwa vingine, itakuwa imefanya kwa mstari mmoja wa wino kile ambacho semina nyingi hazikukifanya.

Hatua iliyobaki ni ya kukitoa kitabu nje ya darasa, nayo huogofya zaidi. Mfuko wa kitambaa ushonwe kwa kila kitabu cha kuazima, na ubao wa ukutani uwe na alama ya kila mtoto, huyu embe, yule samaki, mwingine mwezi, ili mtoto mwenyewe, asiyejua kuandika jina lake, abandike alama yake chini ya picha ya kitabu alichokichukua Ijumaa. Mkutano wa wazazi uelezwe mapema kwamba kitabu kikichanika hapana faini. Mama au babu asiyejua kusoma aambiwe wazi kwamba hatakiwi kusoma. Atazame picha na mtoto, aulize huyu ni nani, anakwenda wapi, kwa nini amekasirika, na kama ana hadithi yake mwenyewe inayofanana na hiyo, aisimulie. Ndugu wa darasa la tatu au la nne akiwapo nyumbani, aghalabu ndiye atakayesoma maneno, naye pengine anahitaji zoezi hilo kuliko mdogo wake. Vitakavyorudi Jumatatu bila ya mfuko virudishiwe mifuko, vitakavyorudi vimelowa vianikwe, na kwa kile ambacho hakikurudi, mwalimu amtume mtoto akiulizie nyumbani kwa upole wiki mbili mfululizo, kisha akifute kwenye ubao na kumruhusu mtoto huyo achague kingine.